Kitovu, kidevu na kidole cha tano: kusoma asili ya viumbe wanaofanana na watu

*"Shikamoo mwalimu. Niko Tukuyu, natengeneza mchezo wa simu na binamu yangu aliyeko Iringa. Mimi naandika, yeye anachora. Dunia yetu inaitwa Ndeleni. Kuna watu kama sisi, halafu kuna viumbe wa aina tatu wanaofanana na watu. Vidungu ni wafupi, kama futi tatu na nusu, wanakaa nyanda za juu kwenye baridi. Wazami wana ngozi ya buluu, wanakaa ziwani na wanapiga mbizi muda mrefu. Walele ni warefu, weupe pe, wana vidole vinne (binamu anasema vinne ni rahisi kuchora) na wanakaa uwandani kwenye jua kali. Ukimuua Mlele unapata mfupa wake unaokuongezea nguvu. Waliojaribu mchezo wote wanauliza hawa viumbe wametoka wapi. Binamu anasema ni watu waliotenganishwa na mlipuko wa volkano miaka 2,000 iliyopita. Mimi naona kila kundi limetokana na mnyama wake, Vidungu kwa nyani, Wazami kwa samaki. Rafiki yetu anasema tuandike tu kwamba mungu wa Ndeleni aliwafinyanga. Halafu shujaa wetu ni mtoto wa Mzami na binadamu, hiyo inawezekana? Nataka hata mtu aliyesoma biolojia akicheza aone tumefikiri."*

Marahaba. Mnayo majibu matatu mkononi, na mnagombana lipi ni zuri zaidi kusimulia. Hapo ndipo mnapokwama, maana asili ya kiumbe haianzi kwenye simulizi. Imeandikwa mwilini mwake, na mchezaji anauona mwili kabla hajasoma sentensi yako hata moja. Kila jibu kati ya hayo matatu linaacha alama zake. Kwa hiyo wachunguzeni kwanza viumbe mliokwisha kuwachora, mwone wao wenyewe wanasema wametoka wapi.

Kanuni ya kuanzia ni hii: mfanano wenye kazi hauthibitishi undugu. Mfanano usio na kazi ndio unaothibitisha. Mchukue kakakuona na muhanga. Wote wana pua ndefu, ulimi mrefu wa kunata na kucha za kubomolea vichuguu, na ungewaona usiku ungesema ni mtu na mdogo wake. Kumbe ukoo wa kakakuona uko karibu na wanyama wala nyama, na wa muhanga uko karibu na tembo na pimbi. Kinachowafananisha ni kazi ya kula mchwa, basi. Yupo na sengi wa milima ya Udzungwa, aliyetangazwa kisayansi mwaka 2008: umbo lake ni kama la panya buku mwenye mkonga mdogo, lakini naye ni wa ukoo huohuo wa tembo.

Sasa hamia kwa viumbe wako. Kusimama kwa miguu miwili, mikono iliyo huru, macho yanayotazama mbele, kuongea: vyote hivyo vina kazi. Viumbe wawili wasio na undugu wowote wanaweza kuvifikia kila mmoja kwa njia yake, kama kakakuona na muhanga walivyofikia ulimi mrefu. Kwa hiyo mchezaji akikwambia "wanafanana na watu, basi ni ndugu wa watu", bado hajathibitisha kitu.

Jaribu hili leo, linachukua dakika mbili. Chora kwenye karatasi msalaba mdogo upande wa kushoto, na upande wa kulia doa jeusi la ukubwa wa punje ya mahindi, umbali wa sentimita 8 kati yake. Fumba jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia, anza karatasi ikiwa umbali wa mkono kisha uisogeze taratibu. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni doa linatoweka kabisa, na ukizidi kuisogeza linarudi. Hapo ndipo mshipa wa fahamu unapotoboa ukuta wa nyuma wa jicho ili kwenda kwenye ubongo, kwa sababu nyuzi za jicho letu zimepita mbele ya sehemu inayopokea mwanga badala ya nyuma yake. Ni kasoro isiyo na faida yoyote, na tunayo sisi, ng'ombe, kuku, chura na samaki. Pweza ana jicho la lenzi kama letu, zuri kabisa, ila nyuzi zake ziko nyuma na doa hilo hana. Jicho lake limefanana na letu kwa kazi tu. Kasoro ile tunachangia na kuku, na ndiyo inayotuambia kwamba kuku ni ndugu yetu wa karibu kuliko pweza.

Kwa mchoraji kuna kasoro tatu za namna hiyo zinazoonekana kwa nje, na ningetaka binamu yako azibandike ukutani juu ya meza yake.

Ya kwanza ni kitovu. Ni kovu la mrija uliomuunganisha mtoto na kondo la nyuma, halina kazi nyingine. Kiumbe mwenye kitovu amelishwa tumboni mwa mama. Aliyefinyangwa kwa udongo hana sababu ya kuwa nacho, na aliyeanguliwa kwenye yai hawi nacho kwa namna ile.

Ya pili ni vidole vitano. Wanyama wa kale wa kwanza wenye miguu walikuwa na idadi tofauti tofauti, wengine hata vinane, kisha ukoo uliotuzaa sisi wote ukatulia kwenye vitano. Toka hapo wako waliopunguza, kama ng'ombe na farasi, lakini wanapunguza kutoka vitano; ukipasua mguu wa farasi unakuta vijiti vya mifupa ya vidole vilivyopotea, vimelala kando ya kile kilichobaki. Hakuna sheria ya maumbile inayosema mkono mzuri lazima uwe na vitano. Ni historia tu.

Ya tatu inawapita wengi: kidevu. Shika chako. Kile kifundo cha mfupa kinachotokeza mbele chini ya meno, kati ya jamii zote za zamadamu (yaani binadamu na ndugu zake wa kale) zilizowahi kuishi, ni sisi tu tulio nacho. Waneandertali wa Ulaya, waliokuwa karibu nasi sana, taya lao linashuka likirudi nyuma. Wataalamu bado wanabishana kidevu kina kazi gani, na kwa sababu hiyohiyo ni muhuri mzuri wa ukoo. Mpe Kidungu uso wa mtu usio na kidevu, na mtu aliyesoma ataelewa mara moja: huyu alijitenga nasi kabla kidevu hakijatokea.

Ukiyashika hayo, ile habari ya "kila kundi limetokana na mnyama wake" inakuwa ngumu kuitetea kwa jinsi mlivyochora. Kwanza nisahihishe jambo ambalo hata madarasani linakosewa. Mageuko ya viumbe siyo ngazi ambayo samaki anapanda awe nyani, nyani apande awe mtu. Ni mti wenye matawi. Sisi hatukutokana na sokwe mtu wa leo; sisi na yeye tuna babu mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, naye hakuwa sokwe wala mtu. Nyani aliyeko Rungwe leo hayuko njiani kuwa kitu kingine. Ameshafika kwake.

Pili, samaki akija kuwa Mzami kwa njia yake mwenyewe, hatafika akiwa na matiti, kitovu, masikio ya nje na nywele. Mtazame pomboo na papa: umbo moja, mapezi mamoja, lakini mkia wa papa unapigwa kushoto na kulia, wa pomboo juu na chini, kwa kuwa uti wa mgongo wa pomboo umerithiwa kutoka kwa mnyama aliyekuwa akikimbia nchi kavu. Pomboo anapumua hewa na kunyonyesha. Historia haifutiki. Wazami wenu, kwa jinsi walivyo kwenye maelezo yako, ni pomboo wa jamii ya watu: watu walioingia majini. Mkiwataka wa samaki, wachoreni upya kuanzia mfupa wa kwanza, na matokeo yake hayatakuwa mtu wa buluu.

Binamu yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila muda wake ni mfupi mno. Miaka 2,000, tukihesabu kizazi cha binadamu kuwa miaka 27 hivi, ni vizazi kama 74. Kwa muda wa namna hiyo badiliko la jeni moja lenye faida linaweza kuenea. Uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa ulisambaa kwa wafugaji wa Afrika Mashariki ndani ya miaka elfu chache. Lakini spishi mpya haizaliwi.

Hapa utaniuliza habari za ziwa Masoko, ambalo mnalo hapohapo jirani. Una haki ya kuuliza, kwa sababu ni moja ya mifano mizuri kabisa duniani. Ni ziwa la kreta lenye upana wa mita 700 tu. Ndani yake samaki wa aina moja wamegawanyika makundi mawili: madume ya kina kifupi ni ya njano, ya kina kirefu ni ya buluu iliyokoza. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba utengano huo ni wa miaka mia kadhaa hadi elfu moja hivi, na kati ya jeni zilizotofautiana zimo za kuona kwenye mwanga hafifu. Hakuna ukuta kati yao. Kinachowatenga ni kina cha maji, chakula, na jike kuchagua dume la rangi yake. Mbona wao waliwahi? Kwa sababu samaki huyo anaanza kuzaa akiwa mdogo, kwa hiyo miaka elfu moja kwake ni vizazi vingi mara kadhaa kuliko miaka elfu hiyohiyo kwetu. Na hata hivyo makundi hayo mawili bado yanaweza kuzaana. Chukueni funzo hilo kwa ajili ya mchezo: msiseme miaka, semeni vizazi, kisha mwonyeshe kilichowazuia wasioane. Kwa watu, mila ya ndoa na lugha vinaweza kufanya kazi ambayo kina cha maji kinafanya Masoko, lakini mipaka ya mila inavuja. Watu hupendana.

Kwa hiyo ongezeni muda. Vidungu wenu tayari wana mfano halisi. Futi tatu na nusu ni sentimita 106 au 107, na huo ndio urefu wa mwanamke wa Homo floresiensis, jamii mojawapo ya zamadamu, ambaye mifupa yake ilipatikana kwenye pango la Liang Bua, kisiwa cha Flores nchini Indonesia, ikatangazwa mwaka 2004. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa mililita 400 na kidogo, chini ya theluthi moja ya wetu, lakini jamii yake ilitengeneza zana za mawe. Zamadamu walikuwa wamefika Flores miaka milioni moja iliyopita au zaidi, na mifupa ya miaka 700,000 kutoka kisiwa hichohicho tayari ni ya watu wadogo. Kunyauka kwa mwili kisiwani hutokea chakula kikiwa haba na wawindaji wakubwa wakiwa hawapo: mwenye mwili mdogo anahitaji kidogo, anawahi kuzaa, na hana simba wa kumwogopa. Kulungu wa Ulaya waliokwama kisiwa cha Jersey walishuka hadi sehemu moja ya sita ya uzito wao ndani ya miaka kama 6,000.

Lakini angalia mahali ulipowaweka. Baridi haifupishi mwili kwa namna hiyo. Baridi inataka mwili mnene na mzito wenye mikono na miguu mifupi, ili joto lisipotee. Njaa ya kisiwani ndiyo inayotaka mwili mdogo wote kwa jumla. Kidungu mdogo, mwembamba, aliye uchi kwenye baridi ya Juni ya uwanda wa juu wa Kitulo atakufa usiku wa kwanza, kwa sababu mwili mdogo unapoteza joto haraka. Chagueni. Aidha wawe wafupi-wanene wenye kifua kipana, aidha wabaki wadogo kwa sababu uwanda wao umezungukwa na magenge kama kisiwa, kisha wapeni moto, ngozi za kuvaa na nyumba za kuchimbia ardhini. Mimi ningechukua la pili, maana linawapa utamaduni. Na msihangaike kuwapa mapafu makubwa: kwenye mita 2,600 kama Kitulo hewa bado ina robo tatu hivi ya oksijeni ya pwani. Mabadiliko makubwa ya damu kama ya Watibeti yanatafutwa kwenye mita 4,000.

Wazami nao wana msingi imara. Wabajau wa bahari za Asia ya Kusini-Mashariki, wanaoishi kwa kuzamia, wana wengu kubwa kwa takribani nusu zaidi ya majirani zao wa nchi kavu, hata wale wasiozamia. Wengu ni ghala la damu yenye oksijeni. Mtu akizama linajikamua. Hilo limerithiwa. Kuona chini ya maji ni habari nyingine: watoto wa Wamoken wa Thailand wanaona majini kwa ukali wa mara mbili ya watoto wa Ulaya, lakini watoto wa Ulaya wakifundishwa wanafikia palepale. Hilo ni la kujifunza. Kwenye mchezo tofauti hiyo ni mali: binadamu anayekulia kwa Wazami anaweza kupata macho yao, ila wengu lao hatalipata.

Na buluu? Mamalia hawana rangi ya buluu ya kweli mwilini. Buluu ya korodani za tumbili dume inatokana na nyuzi ndogo za ngozi zilizopangika kwa namna inayorudisha mwanga wa buluu. Wazami wawe hivyo, na wasiwe wa buluu mwili mzima. Mabega, shingo, paji la uso, iwakolee wanapokomaa. Itakuwa alama ya uchumba, kama madume wa Masoko.

Wazo la kufinyangwa lisidharauliwe. Hadithi ya uumbaji ina heshima yake, na dunia ya kubuni inaruhusu mungu wa kubuni. Ila ukisema wamefinyangwa, mwili ukubali. Watu waliotoka kwenye mikono ya mfinyanzi mmoja wangekuwa kama shamba la migomba. Hapo Rungwe unajua mgomba haupandwi kwa mbegu; unachukua chipukizi, na chipukizi ni mama yake yuleyule. Migomba yote ya aina moja ina vinasaba vilevile, ndiyo maana mnyauko ukiingia shambani haubakizi. Kundi la namna hiyo halina kitovu, halina babu kwenye miamba, sura zinakaribiana mno, na ugonjwa mmoja unawafagia wote. Inatisha, na ni nzuri kwa kundi moja. Mkiwafinyanga wote watatu, mmeua swali badala ya kulijibu.

Sasa shujaa wenu. Ndiyo, inawezekana, na ushahidi upo: mwaka 2018 ulitangazwa uchambuzi wa kipande cha mfupa kutoka pango la Denisova, Siberia, cha msichana aliyeishi miaka 90,000 hivi iliyopita. Mama yake alikuwa Mneandertali, baba yake Mdenisova, jamii mbili zilizokuwa zimetengana kwa miaka zaidi ya 300,000. Na watu wenye asili ya nje ya Afrika mpaka leo wanabeba asilimia 2 hivi ya vinasaba vya Waneandertali.

Mipaka ipo, nayo ina mpangilio. Farasi ana kromosomu (vifurushi vya vinasaba ndani ya seli) 64, punda 62, na mtoto wao nyumbu 63. Haziwezi kujipanga jozi kwa jozi wakati wa kutengeneza mbegu, ndiyo maana nyumbu ni tasa. Kabla ya kufika huko kuna hatua ya kati: kwa mamalia, jinsia inayoanza kuwa tasa ni ya kiume, yenye kromosomu X moja na Y moja. Mahuluti wa simba na chui milia wako hivyo, majike huzaa, madume ni tasa. Kwa hiyo mkitenganisha Wazami na binadamu kwa miaka 100,000, shujaa awe wa kike au wa kiume, atazaa bila shida. Mkifanya miaka milioni 2, mwanamke anaweza kuzaa kwa taabu na mwanamume pengine asizae kabisa. Amueni kabla hamjaandika sura ya mwisho.

Mfano mzuri zaidi uko juu ya vichwa vyenu. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji, aina ya kima, siku zote, na waliosikia wakadhani ni kiumbe wa hadithi, mpaka watafiti walipomfuatilia mlima Rungwe mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005. Mwaka uliofuata akapewa jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, yake peke yake. Walipohesabiwa mara ya kwanza walikutwa kama 1,100. Vinasaba vya wale wa Rungwe vinavyopita upande wa mama vinafanana na vya nyani wa manjano, na wale wa Udzungwa sivyo. Maana yake hapo kale majike wa nyani waliingia kwenye ukoo wa kipunji wa Rungwe, wakazaa humo, na alama ikabaki ndani ya seli huku sura ya nje ikibaki ya kipunji. Ndeleni inaweza kuwa na kijiji cha binadamu wa kawaida kabisa ambao bibi yao wa kale ni Mzami, na hawajui.

Nimewaacha Walele mwisho kwa makusudi, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Kibiolojia hawasimami. Urefu na wembamba kwenye joto ni sawa. Weupe wa ngozi sivyo: ngozi nyeupe ilienea mahali jua ni hafifu, ili mwili upate vitamini D. Chini ya jua la nchi zetu ngozi ya namna hiyo inaungua na kupata saratani. Na mchezaji wa Kitanzania akiona watu weupe pe, wanaoishi juani, ambao mifupa yao ina nguvu za ajabu, hatafikiria Ndeleni. Atawafikiria watu wenye ualbino, ambao katika nchi yetu wameuawa na kukatwa viungo kwa imani hiyohiyo. Njombe nako mwaka 2019 watoto waliuawa kwa ushirikina. Najua hukukusudia. Lakini mfupa ule utoe, usiupunguze makali wala kuuelezea. Ualbino wala siyo asili tofauti: ni jeni ambayo baba na mama wote wawili wanaibeba bila kuonekana, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Hutokea kwenye kabila lolote, na huyo mtoto ni wa ukoo wake asilimia mia.

Bahati nzuri binamu yako, kwa uvivu wa kuchora, amekupa njia. Vidole vinne. Wafanyeni Walele ndio pekee wasio ndugu: ukoo mwingine kabisa uliofika kwenye miguu miwili kwa njia yake, kama muhanga kwa kakakuona. Wanataga mayai, hawana kitovu, wanahesabu kwa nane kwa kuwa vidole vyao vya mikono ni vinane, bei zao sokoni ni kwa nane na sitini na nne. Weupe wao usiwe wa ngozi. Sisimizi wa fedha wa Sahara wanang'aa kwa vinyweleo vinavyorudisha jua. Mlele naye avae manyoya mafupi ya kung'aa, na chini yake ngozi nyeusi. Nguvu ambayo mfupa ulikuwa ukimpa mchezaji, aipate kwa kufundishwa na Mlele aliye hai. Uzao nao haupo: binadamu na Mlele hawawezi kupata mtoto kwa namna yoyote, na hiyo inaweza kuwa hadithi ya huzuni ambayo mchezo wenu bado hauna.

Volkano ya binamu ibaki, ila igeuzwe. Isiwe iliyowatenganisha, iwe iliyowakutanisha. Rungwe ililipuka vikali yapata miaka 4,000 iliyopita na kutandaza yale mawe mepesi yanayoelea majini, na kwenye kingo za barabara zilizochimbwa unaweza kuona majivu yamejipanga tabaka kwa tabaka. Kwenu, tabaka moja la majivu la miaka 2,000 lionekane kila mahali mchezaji anapochimba. Chini yake zana za Vidungu ziko milimani peke yake, za Wazami ziwani peke yake. Juu yake zimechanganyika. Asisomewe, achimbe. Kwa makundi yaliyotoroka mlipuko, msiweke familia tatu: chini ya wazazi 50 hivi ndoa za ndugu zinaanza kuleta magonjwa ndani ya vizazi vichache.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Nendeni wote wawili Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, mkatembee na mwongozaji korongoni. Mashoka ya mawe ya pale yanakadiriwa kuwa na miaka 260,000, na mifupa ya walioyachonga haijapatikana. Binamu yako asimame pale achore kiumbe kutokana na zana yake tu, ndilo zoezi bora kwake. Ng'ambo ya ziwa Nyasa, Uraha wilayani Karonga nchini Malawi, ilikuwa kinyume chake mwaka 1991: lilipatikana taya moja la zamadamu la miaka milioni 2.4. Makumbusho ya Iringa Boma yako mjini, pitieni. Mkitaka kutumia jina au hadithi ya Kinyakyusa au ya Kihehe, kaeni na wazee wenyewe mwombe, maana kuna hadithi zenye wenyewe. Na kabla Walele hawajatoka hadharani hata kwa majaribio, wapelekeeni michoro viongozi wa watu wenye ualbino wa mkoa wenu, mkae nao ana kwa ana. Wakisema bado inauma, mchoro urudi mezani.

Mkishamaliza, nitumieni mchoro mmoja tu: mkono wa Mlele na mkono wa Mzami, ngozi imeondolewa, mifupa inaonekana. Wa Mzami uwe na mifupa ileile ya mkono wako, mmoja kwa mmoja, hata kama imenyooshwa. Wa Mlele nisione hata kiungo kimoja ninachokifahamu.